Je, Wajua? Oda ya Mayai Ilipitia Runinga

Mwezi Mei 1984, miaka kadhaa kabla ya wavuti kubuniwa, Jane Snowball, bibi wa miaka 72, aliketi nyumbani kwake Gateshead, Uingereza, akashika rimoti ya runinga na kuagiza majarini, konfleksi na mayai kutoka duka la Tesco.

Kompyuta hakuwa nayo. Runinga yake iliunganishwa na laini ya simu kwa mfumo uliotokana na ubunifu wa Michael Aldrich wa mwaka 1979. Oda ikafika dukani, vitu vikafungashwa na kupelekwa hadi mlangoni.

La kupendeza zaidi, huduma hiyo ya majaribio ililenga wazee na watu wanaopata shida kutembea, wale hasa ambao safari ya dukani huwaelemea. Malipo yalikuwa taslimu, mzigo ulipofika.