Goma: Jiko la kioo ni zuri, lakini kwanza angalia sufuria yako

Mjini Goma, jamaa nyingi zinapika bado kwa mbabula. Sehemu kubwa ya makala inatoka katika miti ya hifadhi ya Virunga, na bei yake hupanda kila mara vita inapofunga barabara. Tangu umeme wa Matebe, kituo kilichofunguliwa mwaka 2015 katika teritware ya Rutshuru, ufike mjini, wenye umeme nyumbani wanatazama majiko mengine. Linalovuta macho zaidi ni lile lenye uso wa kioo. Je, linafaa kwa chakula chetu?

Kioo chake si kama cha dirisha. Kampuni Schott ya Ujerumani ilianza kukitengeneza kwa ajili ya majiko katika miaka ya 1970. Hakitanuki kinapopata moto, kwa hiyo maji baridi yakimwagikia juu yake hakipasuki. Jiko hili halina moshi wala majivu, na halitoi ile hewa ya sumu ya makala inayoua watu waliolala madirisha yamefungwa. Kulisafisha ni kupangusa tu kwa kitambaa.

Shida inaanza na bugali. Kioo kinavumilia moto, lakini hakivumilii pigo. Anayesonga bugali kwa nguvu huku sufuria ikirukaruka anaweza kukivunja. Afadhali aishushe chini na kuisongea hapo. Kioo kikipata ufa, kata umeme na usipike tena, kwa sababu maji yanaweza kupita na umeme ukakupiga.

Kuna aina mbili, na kutoka nje zinafanana. Ya kwanza inapasha moto kioo, na inakubali sufuria yoyote yenye kitako kilichonyooka. Ya pili, inayoitwa indiksheni, inapasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku. Hiyo haikubali sufuria za aluminiumu, na ndizo zinazojaa katika nyumba zetu. Mama anaweza kumaliza akiba yake dukani, kisha akute nyumbani hana hata sufuria moja ya kupikia.

Umeme nao unahesabiwa. Jiko la wati 2000 likiwaka kwa nguvu yote kwa saa moja, linakula kilowati 2 za saa. Chai na mchele hazina shida, lakini maharagi yanayokaa motoni saa nyingi yatamaliza pesa. Umeme ukikatika, chakula kinabaki kibichi. Kwa hiyo mbabula isitupwe.

Wenye watoto wakumbuke pia kwamba kioo kinabaki na moto hata jiko likiisha kuzimwa.

Anayekwenda kununua abebe sufuria yake na sumaku ndogo. Sumaku ikinata kwenye kitako, sufuria hiyo inafaa kwa indiksheni. Isiponata, aulize ile aina ya kwanza, ama ahesabu pia bei ya sufuria mpya kabla ya kulipa.