Katuni Juu ya Kikombe: Jinsi Picha Inavyoshikwa na Moto

Miongoni mwa vyombo vinavyouzwa madukani vimo vikombe vikubwa vya kauri vilivyopambwa kwa katuni za magazeti ya zamani. Mnywaji huitazama katuni, hutabasamu, kisha hunywa chai yake. Kikombe huoshwa mara mia, na bwana yule mwenye kofia ndefu angali amesimama palepale, ingawa gazeti lenyewe lingeloa na kuchanika katika beseni la maji. Je, picha hiyo hukaaje juu ya kikombe? Na je, kuna kitu chochote kitokacho ndani yake na kuingia kinywani?

Jina la katuni lenyewe latokana na kazi ya kuhamisha picha. Asili yake ni neno la Kiitaliano lenye maana ya karatasi nene, ambayo wachoraji waliitumia kuandaa mchoro kabla ya kuuhamishia ukutani. Mwaka 1843 gazeti la kuchekesha la London liitwalo Punch, lililoanzishwa mwaka 1841, lilidhihaki maonyesho ya michoro iliyokusudiwa kupamba kuta za jengo jipya la Bunge. Likachapisha mchoro wa John Leech uliowaonyesha maskini wakitazama picha za fahari, likauita katuni. Tangu hapo neno hilo likapata maana tuijuayo leo.

Kuhamishia picha juu ya kauri kulikwisha kuanza wakati huo. Mwaka 1756, katika mji wa Liverpool, John Sadler na Guy Green walikula kiapo kwamba kwa muda wa saa 6 walichapa vigae zaidi ya 1,200. Kazi hiyo ingewashinda wachoraji wengi wa mkono kwa muda huo.

Siku hizi picha huchapwa kwanza juu ya karatasi iliyopakwa gundi inayoyeyuka majini. Wino wake si wino wa gazeti, bali ni unga wa madini yenye rangi uliochanganywa na unga laini wa kioo na mafuta. Juu yake hupakwa utando mwembamba wa plastiki. Karatasi ikilowekwa, gundi hulegea. Fundi huitelezesha picha juu ya kikombe, huyakamua maji kwa kipande cha mpira, kisha huiacha ikauke. Hatimaye kikombe huingizwa katika tanuru. Plastiki na mafuta huungua na kutoweka; unga wa kioo huyeyuka na kushikamana na kikombe. Kwa hiyo katuni iliyotoka tanuruni ni kioo chembamba chenye rangi.

Jambo kuu ni mahali kioo hicho kilipolala. Kila kikombe cha kauri kimefunikwa kwa utando wa kioo unaozuia maji yasipenye. Picha ikiwekwa chini ya utando huo, au ikichomwa katika joto la nyuzi za Sentigredi zipatazo 1,200 hata ikazama ndani yake, hulindwa kama samaki aliye chini ya barafu. Lakini picha nyingi huwekwa juu ya utando na kuchomwa katika nyuzi 750 hadi 850 tu. Hizo hubaki wazi kwa kila kinachozigusa.

Ili kioo kiyeyuke katika joto dogo, mafundi wa zamani walitia madini ya risasi, ambayo pia hung'arisha rangi. Rangi nyingi nyekundu na za manjano zilitokana na kadimi. Asidi ya ndimu, ya maji ya machungwa au ya siki huweza kuyang'oa madini hayo kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo huweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima.

Kwa sababu hiyo maabara hukijaza chombo asidi ya siki ya asilimia 4, hukiacha kwa saa 24 katika joto la nyuzi 22, kisha hupima madini yaliyotoka. Mwaka 1984 Jumuiya ya Ulaya iliweka kikomo kwa vikombe na vyombo vya aina yake: miligramu 4 za risasi na miligramu 0.3 za kadimi kwa kila lita. Hata picha iliyo nje ya chombo haipuuzwi, kwa maana midomo hugusa ukingo na mikono ya watoto huishika. Mwaka 2010, nchini Marekani, glasi zipatazo milioni 12 zenye picha za katuni ya sinema ziliondolewa mikononi mwa watu kwa sababu ya kadimi iliyokuwamo katika mapambo ya nje. Viwanda vingi sasa hutumia kioo cha boroni, zinki au bismuthi badala ya risasi.

Mwenye kikombe aweza kujifunza mengi kwa kidole chake. Akipitisha ukucha juu ya mchoro na kuhisi kingo zake, picha huenda imelala juu ya utando. Asikisugue kikombe hicho kwa mchanga, majivu wala waya. Hata hivyo kidole hakipimi sumu. Maabara pekee ndiyo iwezayo. Kikombe cha kale ambacho rangi zake zinapauka, zinachubuka au kuacha unga, na hasa kile chenye picha ndani au karibu na ukingo, heri kisitiliwe tena maji ya ndimu wala chai ya mtoto. Na kiwekwe mezani kitunze kalamu. Katuni itaendelea kuchekesha, na hakuna atakayedhurika.