Dawa za Kutuliza Moyo na Ugonjwa wa Presha

Kila anayekaa Mweya ajua kwamba usiku viboko hutoka katika mfereji wa Kazinga kuja kula majani karibu na nyumba za watu. Ukikutana na mmoja njiani, moyo hupiga mbio kabla hujafikiri la kufanya. Sababu yake ni adrenalini, kitu kitokacho katika tezi zilizo juu ya mafigo. Huchukuliwa na damu mpaka moyoni, na huko hugusa mahali paitwapo beta, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli.

Dawa ziitwazo beta-bloka huziba tundu la kufuli hilo. Basi moyo hupiga polepole, tena kwa nguvu kidogo, na mafigo hupunguza kutoa renini, ambayo huanzisha kazi ya kukaza mishipa. James Black wa Scotland alizitafuta kwa ajili ya maumivu ya kifua, akapata propranololi katika miaka ya 1960, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mwaka 1964 daktari Prichard wa London alieleza kuwa dawa za jamii hiyo hushusha presha pia.

Mbona basi mwenye presha ya 160 kwa 100 akienda hospitali ya Bwera au Kagando, huenda akaanzishwa amlodipini au dawa ya kukojosha? Wengi wetu Waafrika tuna renini kidogo, na miili yetu hushika chumvi sana (nasi tu majirani wa Katwe!). Kwa hiyo beta-bloka peke yake haina kazi kubwa ya kufanya. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Uganda ikiwamo, ulionyesha kuwa amlodipini pamoja na dawa nyingine moja hushusha presha vizuri.

Lakini beta-bloka si za kutupwa. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo huenda akazihitaji, na mama mjamzito mwenye presha aweza kupewa labetaloli.

Hatari yake ni kuazimana. Beta zimo hata katika njia za pumzi, na mwenye pumu akimeza kidonge cha jirani aweza kukosa pumzi kabisa. Hatari nyingine ni kuacha ghafula. Mfanya biashara aliyevuka mpaka wa Mpondwe akaishiwa vidonge huko, moyo wake waweza kwenda mbio kuliko zamani na presha ikaruka. Daktari akitaka kuziondoa, hupunguza kidogo kidogo, kwa siku nyingi.