Redio kaseti za zamani: mali au kumbukumbu tu?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayefikiria kuweka fedha zake katika redio kaseti na kanda za zamani anashauriwa ajiulize kwanza swali moja: nani atanunua, na atanunua kwa kazi gani?

Swali hili lina sababu. Nchini Marekani, mwaka 2020 santuri ziliingiza fedha nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980. Mwaka 2022 zikaipita CD hata kwa idadi: santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33. Habari za namna hii humfanya mtu aliye na redio ya baba yake stoo ajiulize kama amekalia dhahabu. Lakini Mtowisa si New York, na bei za huko haziteremki zenyewe kutoka Ufipa juu hadi bonde la Rukwa.

Enzi ya redio

Hamu ya vyombo hivi ina msingi wake. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Taifa Stars ilipocheza fainali za Mataifa ya Afrika mjini Lagos, Machi 1980, aliyekuwa bondeni aliufuata mpira kwa redio. Muziki wa NUTA Jazz na Mlimani Park ulirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam na ukamfikia msikilizaji kwa njia hiyo hiyo. Masafa mafupi yalifaa sana huku, kwa sababu mawimbi yake hupaa angani na kurudi chini mbali. FM huzuiwa na milima.

Kwa mkulima aliyeuza mpunga vizuri, au mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, redio na baiskeli vilikuwa ushahidi kwamba msimu umekwenda sawa. Redio za National na Philips zilikuwa majina ya nyumbani. Baada ya Serikali kuruhusu mwaka 1984 watu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa kutoka nje, redio zenye sehemu ya kaseti ziliongezeka madukani. Kaseti yenyewe ilitolewa na Philips mwaka 1963.

Faida ilikuwa kwenye betri

Wenye maduka wa siku zile walijua siri moja. Redio hununuliwa mara moja, betri hununuliwa kila mara. Redio kaseti ilitaka betri kubwa nne au sita za volti 1.5 kila moja, na mota ya kuzungusha kanda ilizila haraka. Ndiyo maana vijana walirudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Bic, na betri zilizochoka zilianikwa juani zipate nguvu ya nyimbo mbili tatu zaidi. Zilipokufa kabisa, unga mweusi wa ndani ulipakwa kwenye ubao wa shule.

Anayekumbuka mambo hayo leo hucheka kwa raha. Lakini mfanyabiashara ayatazame pia kwa jicho jingine: mteja yule alikuwa akibana matumizi. Alipopata njia rahisi zaidi alihama.

Na njia ilikuja. Kaseti ya dakika 60 ilibeba nyimbo kumi na mbili hivi. Memori kadi ya GB 4 hubeba nyimbo zipatazo elfu moja, haihitaji kurudishwa kwa kalamu, na simu inayoicheza huchajiwa kwa sola. Hakuna kumbukumbu inayoweza kushindana na hesabu hiyo dukani.

Joto la bonde

Kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Bonde la Rukwa lipo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, wakati Sumbawanga mjini ni juu zaidi kwa karibu mita elfu moja. Joto na vumbi la bondeni ni adui wa kanda. Utepe hujikunja au kushikamana, sauti hufifia, na mikanda ya mpira ndani ya mashine hulegea au kuwa kama ulimbo. Redio iliyowekwa stoo miaka ishirini na betri zake ndani mara nyingi imeshaliwa na kutu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme umenunua redio mbovu kumi kwa shilingi 15,000 kila moja. Umetumia 150,000. Sita zimepona kwa matengenezo ya 10,000 kila moja, hivyo umefika 210,000. Ili urudishe fedha tu, bila nauli wala muda wako, lazima kila moja ya hizo sita iuzwe 35,000. Mteja wa Mtowisa mwenye kiasi hicho atalinganisha na redio mpya inayosoma flashi. Fedha hiyo hiyo ikiwa kwenye ufuta au mpunga, bei inaweza kupanda au kushuka, lakini wanunuzi wapo.

Kilicho ndani ya kanda

Je, hakuna biashara kabisa? Ipo, ila si ya kuuza chombo.

Katika nyumba nyingi, kaseti hazikuwa za muziki wa dukani peke yake. Watu walirekodi kwaya ya kigango, harusi, hotuba ya mzee, na hata barua za sauti kwa ndugu aliye mbali. Kanda ya namna hiyo ipo moja tu duniani. Sokoni ni plastiki, lakini kwa mwenye nayo ndiyo sauti ya mama aliyekwishafariki. Na kila kiangazi kinachopita kinaipunguza.

Hapa fundi mwenye mashine moja nzima ya kaseti, waya na kompyuta ndogo anaweza kutoza kwa saa kazi ya kuhamishia sauti kwenye flashi. Mtaji ni mdogo, hakuna mzigo wa kulala stoo, na mali ni ya mteja mwenyewe. Tahadhari: kunakili na kuuza nyimbo za wanamuziki bila idhini ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakataza, na kibanda kinaweza kufungwa.

Ushauri wetu

Kwanza, usinunue redio kaseti za zamani kwa wingi ukitegemea bei za Ulaya na Marekani. Pili, ukiwa fundi, tunza mashine moja au mbili zinazofanya kazi. Safisha kichwa cha kusomea kwa spiriti na toa betri kila umalizapo, kwani vipuri vinazidi kuwa adimu.

Tatu, kabla ya kumwuzia mtu boksi la kanda kwa bei ya chupa tupu, zisikilize zote. Redio ikiuzwa kwa hasara, msimu ujao utaifidia. Sauti ya mzee ikifutika, hakuna mnada utakaokurudishia.