Kunyanyua pikapu kuukuu: jua kinachopanda na kisichopanda

Msimu wa maembe ukiingia, pikapu za Pwani huanza kuelekea bara. Unapita Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu hadi Emali, kisha unaacha lami kufuata mzigo kwenye mashamba ya Makueni. Au unakata kona pale Kibwezi kuelekea Mutomo na Kitui kutafuta pojo, au ndengu kama wenyewe wanavyoziita. Tatizo ni kuwa maembe huanza kuiva karibu na wakati ule ule Ukambani inapopata mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba. Njia za mashambani hubaki makorongo, mawe na mchanga wa mito. Pikapu ya miaka 20 iliyochoka springi hukwaruza tumbo kila mahali, na hapo mwenye gari huambiwa, "Si uinyanyue tu!"

Kunyanyua si kosa. Lakini kabla hujatoa pesa, fahamu kitu gani kinapanda na kitu gani kinabaki pale pale.

Seti ya kunyanyulia, yaani springi ndefu zaidi pamoja na shokomzoba zake, huinua bodi na chesisi. Kwenye pikapu zenye ekseli nzima nyuma, ambazo ndizo nyingi, ile difu haipandi hata kidogo. Imekaa juu ya tairi, na itabaki usawa wake ule ule. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, na hata hapo, tairi iliyozidi inchi 2 kwa kipenyo huinua difu inchi 1 tu. Kwa hivyo ikiwa linalogonga mawe ni difu, springi mpya hazitakusaidia. Ikiwa linalogonga ni bampa, ngazi za mlangoni au tangi la mafuta, hapo zitakusaidia.

Hatua ya kwanza ni kulipima gari lako. Liweke mahali tambarare bila mzigo, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne. Mara nyingi utakuta upande mmoja umelala kuliko mwingine. Hiyo ni springi iliyochoka, na springi mpya za kawaida huenda zikakurudishia kimo chako bila kunyanyua chochote. Tazama pia kama shokomzoba zinavuja mafuta na kama bushi zimepasuka. Sisi wa Pwani tuna la ziada, nalo ni kutu ya chumvi. Lala chini ya gari ukagonge chesisi kwa nyundo ndogo pale springi zinaposhikia. Mlio wa chuma kizima ni mkali. Ukisikia mlio uliofifia au magamba yakibanduka, peleka pesa zako kwenye chesisi kwanza.

Ya pili ni kujua gari lako limetengenezwa vipi mbele, maana dawa hutofautiana. Hilux za zamani za magurudumu manne, mfano LN106, zina springi za vibamba mbele na nyuma, na hizo ni rahisi kunyanyua. Land Cruiser 79, ambazo huunganishwa hapa Mombasa kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, zina springi za mviringo mbele na vibamba nyuma. Isuzu D-Max za mwanzo na Nissan Hardbody za magurudumu manne zina fimbo za chuma zinazojinyonga. Hizo fundi anaweza kuzikaza kwa spana na gari likapanda kwa dakika 10 bila kununua kitu. Usikubali likazidi inchi 1 hivi. Ukikaza sana, gurudumu halina tena nafasi ya kushuka shimoni, gari linaruka kama mbuzi, na boljointi na shafti za mbele huliwa upesi kwa sababu zimekaa kishazari.

Ya tatu ni uzito. Muuzaji mzuri hatakuuliza tu unataka inchi ngapi. Atakuuliza unabeba nini. Springi za watengenezaji wanaojulikana, kama Old Man Emu za kampuni ya ARB ya Australia, huuzwa kulingana na mzigo ambao gari hubeba kila siku. Ukichukua za mzigo mzito halafu unatembea mtupu siku tano kwa wiki, nyuma itarukaruka na kuteleza kwenye changarawe. Ukichukua nyepesi, kreti za maembe zitailaza tena. Kwa pikapu ya kazi, inchi 2, yaani sentimita 5, zinatosha. Zaidi ya hapo utaanza kugusa propela, usukani na breki, na gharama haitaisha.

Kuna njia za mkato ambazo ni bora kuziepuka. Springi kupashwa moto ili ikunjwe upya huondoa ugumu wa chuma, nayo hulala tena au hukatika. Kipande cha chuma kilichochomelewa kati ya ekseli na springi za mbele ni hatari zaidi, kwa sababu breki na usukani hukisukuma kila wakati, na kikichomoka dereva hana gari tena mikononi.

Siku ya kufunga, simama karibu na fundi. Gari likae juu ya vigingi imara, si jeki peke yake. Zile bolti za umbo la U zinazoshika ekseli zinunuliwe mpya, za zamani zimeshavutika. Bolti za kwenye bushi zisikazwe mwisho mpaka gari limeshuka chini na kubeba uzito wake, ama sivyo bushi zitajinyonga na kupasuka mapema. Hakikisha paipu za breki zinafika ekseli ikining'inia bila kuvutika. Pikapu nyingi za zamani zina kijiti nyuma kinachounganisha ekseli na valvu ya breki, kazi yake kupima mzigo. Gari likinyanyuliwa, valvu hudhani kuwa hakuna mzigo na kupunguza breki za nyuma. Kijiti hicho lazima kirekebishwe, na wengi hukisahau. Baada ya hapo pima alaini ya magurudumu, shusha taa zisimulike macho ya wanaokuja, na baada ya kilomita 500 rudi ukakaze bolti zote tena. Kampuni yako ya bima pia iambie, usije ukakataliwa fidia siku ya ajali.

Sasa lile ambalo muuzaji hakuambii. Gari likipanda, uzito wake nao unapanda. Kona ya barabara ya Mombasa uliyokuwa ukiipita kwa 90 ukiwa na kreti hadi juu, sasa haitaki 90. Na watu wakikaa juu ya mzigo, jambo ambalo sheria hairuhusu ila tunaliona kila siku, uzito unapanda zaidi. Pikapu iliyonyanyuliwa inataka dereva mpole kuliko ile ya chini.

Mchangani nako, kimo si kitu kikubwa. Kwenye mito mikavu kama Tiva na Thua, kupunguza upepo wa tairi kutoka 35 hadi karibu 20 kutakutoa haraka kuliko springi yoyote. Beba pampu ujaze tena kabla ya kurudi lami.

Na mito hiyo hiyo ikijaa, usijidanganye. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini lilisombwa kwenye mto Enziu, karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, likijaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji. Zaidi ya watu 30 walikufa. Basi ni refu na zito kuliko pikapu yoyote utakayoinyanyua, na bado maji yalilichukua. Maji yakifika milangoni gari huanza kuelea, na tairi hazishiki chini tena.

Kwa hivyo ndugu msomaji, badilisha kilichochoka, nyanyua kwa kiasi, funga kwa makini. Ukifika ukingoni ukakuta maji mekundu yanakwenda mbio, zima injini usubiri. Maembe yakioza ni hasara ya msimu mmoja tu.