Kisanduku Kimoja, Saketi Mbili

Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kiswahili cha Kongo huchanganyika na Kinyarwanda, Kisomali na Kinyankole, na watu wakaelewana. Mchanganyiko wa nyaya ndani ya kisanduku cha swichi hauna heri hiyo.

Tuchukue nyumba yenye duka mbele na makao nyuma. Mwenyewe hutaka swichi ya dukani na ya chumbani zikae pamoja mlangoni, katika kisanduku kimoja. Kufanya hivyo si kosa. Kosa ni nyutro ya kuazima. Fundi apendaye kuokoa mita chache za waya huipa taa ya chumbani moto wa saketi yake, kisha hurudisha nyutro kwa njia ya dukani. Taa huwaka, naye hulipwa.

Siku moja huja fundi mwingine kurekebisha taa ya duka. Huzima breka ya duka, hupima, hakuna moto. Hufungua kiungo cha nyutro. Mara mtoto chumbani awasha taa: umeme wa volti 240 hupita ndani ya balbu na kutokea kwenye ncha ya waya iliyo mkononi mwa fundi. Waya wenyewe ni mweusi, au buluu kwa utaratibu mpya, rangi ambayo wengi huihesabu kuwa ya amani.

Ndiyo sababu kanuni za Uingereza, BS 7671, zataka kila saketi ijitegemee toka breka hadi nyutro, ili iliyozimwa isipate moto kwa mlango wa nyuma. Nasi jeshini hatuamini bunduki kuwa tupu kwa kuambiwa. Penye saketi mbili breka zote mbili huzimwa, ndipo hupimwa kila waya.

Nakivale kuna jambo la ziada, nalo ni nyaya za umeme wa jua, za volti 12. Hizo zisilazwe pamoja na za volti 240, isipokuwa kama mpira wake unastahimili volti hizo 240. La sivyo zitengewe kisanduku chao.

Sheria ya Umeme ya Uganda ya mwaka 1999 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ambayo hutoa vibali kwa mafundi wa nyaya. Mwenye nyumba aombe kukiona kibali hicho, kisha amtake fundi aandike ndani ya mfuniko: saketi mbili, zima breka zote. Kalamu ya wino usiofutika yatosha.