JE, WAJUA? Kichupa cha damu kinaweza kudanganya

Kipimo cha fosfeti, yaani fosforasi iliyomo kwenye damu, kinaweza kupanda huku mwenye damu akiwa mzima. Chembe nyekundu za damu zimejaa fosfeti. Sampuli ikicheleweshwa kabla ya kuzungushwa kwenye mashine, au ikitikiswa mpaka chembe zikapasuka, fosfeti hiyo humwagika ndani ya kichupa. Ikiwa damu imechotwa kijijini na kupimwa mbali, swali la kwanza ni: ilikaa njiani muda gani?

Mtu mzima huwa na miligramu 2.5 hadi 4.5 za fosfeti kwa desilita ya damu. Mtoto humzidi, kwa kuwa mifupa yake bado inajengwa. Na kinachopimwa ni tone tu: karibu asilimia 85 ya fosforasi ya mwili imo kwenye mifupa na meno.

Figo ndizo zinazotoa fosfeti ya ziada. Zikishindwa, hiyo hurundikana, ngozi huwasha na mifupa hudhoofika. Fosforasi huingia kwa chakula: dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaotafunwa na miiba yao, wanayo tele. Ya maharage mwili hufyonza sehemu tu. Ya soda ya kola? Karibu yote!

Aliyekaa na njaa siku nyingi akishibishwa ghafla, fosfeti yake huporomoka. Shibe hiyo yaweza kumuua.

Fosfeti haimo mwilini tu: mbolea ya Minjingu, kule Manyara, nayo ni fosfeti. Chanzo chake ni mavi na mabaki ya ndege wa majini wa kale.